Kitufe cha John Oliver

Usiku wa Jumapili, Machi 10, 2019, mchekeshaji wa runinga John Oliver alikuwa kwenye meza yake ya utangazaji jijini New York akizungumzia kero anayoijua kila Mmarekani mwenye simu. Simu inaita, unapokea, na upande wa pili hakuna mtu. Ni sauti iliyorekodiwa, inakuuzia bima au inakutisha kwa deni la kodi. Kompyuta huzipiga simu hizo kwa maelfu kwa gharama ndogo mno. Sisi tuliokwisha kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Oliver hakukimbilia kuchekesha. Alieleza jinsi wapigaji wanavyoghushi namba ili ionekane ni ya mtu wa mtaani kwako, kisha akaigeukia Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ambayo hakuna jambo linaloletewa malalamiko mengi kuliko hilo. Hoja ilipokamilika, akawaambia watazamaji kuwa kuanzia usiku huo ofisi za makamishna wote watano wa tume zingepigiwa simu kila baada ya dakika 90. Wangesikia sauti yake iliyorekodiwa, kisha zumari za Scotland. Fundi wa kipindi, alisema, alihitaji dakika 15 tu kujua namna ya kufanya hivyo. Akabonyeza kitufe.

Kitufe kile nakihesabu miongoni mwa kazi bora za tashtiti ya runinga, kwa sababu mzaha wenyewe ni ushahidi. Mtu aliyekuwa bado anajiuliza kama kweli ni rahisi kiasi hicho kumsumbua asiyekujua, ameoneshwa. Ondoa maelezo yaliyotangulia, na kitufe kinabaki utundu wa kitoto. Ondoa kitufe, na maelezo yanabaki mhadhara. Kukejeli wakubwa kwa sura zao au matamshi yao ni kazi nyepesi, na vipindi vingi vya usiku huishi kwa hiyo.

Ufundi kama wa kitufe kile unataka muda. Oliver alijifunza kazi katika The Daily Show, kipindi cha Jon Stewart kilichokuwa hewani usiku nne kwa wiki kikikimbizana na habari za siku. Aprili 2014 alipoanzisha Last Week Tonight kwenye HBO, alipata wiki nzima ya kuandaa kipindi kimoja, bila matangazo ya biashara kukikatiza, na watafiti wa kuchimba nyaraka. Mada kuu peke yake huweza kuchukua dakika 20. Ndiyo maana anathubutu kushika mambo ambayo mhariri wa habari angeyaogopa kwa ukavu wake.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Aprili 5, 2015. Alikuwa amesafiri hadi Moscow kumhoji Edward Snowden, aliyefichua upelelezi wa shirika la Marekani la NSA. Kifungu cha 215 cha sheria ya Patriot, kilichotumiwa kukusanya kumbukumbu za simu za Wamarekani, kilikuwa kinakaribia kuisha muda wake. Oliver akamwonesha video ya wapita njia wa Times Square. Wengine hawakumjua Snowden kabisa, wengine walimchanganya na mtu mwingine. Kamera ilitulia usoni kwa Snowden wakati akiitazama, na Oliver hakuharakisha kumwokoa.

Ndipo ikaja video ya pili. Wapita njia waliulizwa: je, serikali ikiweza kuziona picha zako za utupu ulizomtumia mpenzi wako? Wote wakazinduka. Suala lililokuwa la majasusi na kompyuta za mbali likawa la simu iliyo mfukoni.

Kuanzia hapo Oliver akapitia mpango mmoja baada ya mwingine wa upelelezi kwa swali hilohilo: picha yangu wanaiona? Snowden, aliyezoea kueleza mambo haya kwa lugha ya wahandisi, akaanza kujibu kwa sentensi fupi ambazo yeyote angezielewa. Walipofika kwenye kifungu cha 215, alijibu kwamba picha yenyewe hawaioni, ila wanaweza kumjua uliyemtumia.