Mkwaruzo Unaoachwa

Watu wakiona gari kuukuu limerudi kutoka kwa fundi wa polishi likimetameta, huuliza limepakwa nini. Jibu la kweli huwashangaza: halikupakwa, limepunguzwa. Mkwaruzo ulio juu ya rangi haujazwi kitu. Huondolewa kwa kusaga ile rangi nzima inayouzunguka mpaka uso wote ushuke ulingane na kina chake, na kilichosagwa hakirudi tena. Ndiyo maana mimi humpima fundi wa kazi hii kwa kile alichokataa kukigusa, kabla sijatazama alichokifanya king'ae.

Gari la kisasa hutoka kiwandani na matabaka manne juu ya bati. La chini kabisa ni la kuzuia kutu, nalo hushikishwa kwa umeme wakati bodi nzima imezamishwa kwenye dimbwi la rangi. Juu yake kuna praima, kisha rangi yenyewe, kisha klia, lile tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo linalotupa mng'ao. Yote manne kwa pamoja kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa mtu una takribani 70. Kila duru ya polishi hula maikroni moja hadi tatu, zaidi kama mikwaruzo ni mizito. Mtu anaweza kudhani basi kuna akiba ya kutosha, lakini klia ndiyo inayobeba kinga dhidi ya miale ya jua, na ikibaki nyembamba mno kinga hiyo haidumu. Magari yenye paa na boneti zinazobanduka magamba meupe tunayaona kila siku barabarani, na jua letu la ikweta halina subira na gari la aina hiyo.

Kwa hiyo fundi anayejiheshimu huanza kwa kupima. Kifaa chake hutosha kiganjani: juu ya bati la chuma hutumia sumaku, juu ya alumini hutumia mkondo wa umeme, na husoma unene bila kuacha alama. Hupita nacho paneli moja baada ya nyingine huku akiandika. Mlango wa mbele 118, wa nyuma 124, vizuri. Buti 310, hapo pamewahi kupigwa rangi upya. Kona ya bampa haitoi namba yoyote kwa sababu ni plastiki. Nguzo ya nyuma 900, na hapo chini ya rangi kuna pati, yaani gari hili liligongwa, na aliyelinunua likishuka melini Mombasa au Dar es Salaam hakuambiwa. Nimeona wenye magari wakipokea habari hiyo kwa uso wa mtu aliyesomewa barua ya mahakama. Boneti ikisoma 75, fundi hubandika utepe wa karatasi juu yake na kuendelea na paneli nyingine.

Kuosha kwake nako si kule kwa kando ya barabara: hutumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia mchanga. Chembe za chuma kutoka kwenye breki hupulizwa dawa inayozigeuza maji ya zambarau yanayotiririka mlangoni, jambo linalowatisha wasiolizoea. Halafu hupitishwa udongo maalumu, laini na wenye kuvutika, unaong'oa kile ambacho sabuni haikiwezi. Ni uvumbuzi wa Kijapani. Tadao Kodate alipata hataza yake Marekani katika miaka ya 1990. Ili kujua kama uso umekuwa safi, fundi huvaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kuupapasa, maana kupitia mfuko vidole huhisi hata punje moja. (Tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, mfuko wa mkate umeshika nafasi hiyo.)

Ndipo taa huwashwa. Chini ya taa kali gari jeusi lililoonekana zima kivulini hufunuka: duara juu ya duara la mistari myembamba, kama utando wa buibui uliozunguka balbu. Ukisogeza taa, utando nao unahama. Kwa kweli hakuna mduara wowote pale. Mikwaruzo imetapakaa ovyo kila upande, ila ni ile tu iliyokaa kiubavu na mwanga inayourudisha machoni petu, na ndiyo inayojipanga kuzunguka taa popote inapowekwa. Asili yake ni mikono yenye nia njema. Mlinzi anayepangusa vumbi kila alfajiri kwa kitambaa kikavu, kijana wa kawoshi mwenye sponji moja iliyokwisha kuanguka chini mara mbili. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa mpita njia angedhani hakuna linalotokea. Fundi huchagua mraba mmoja, nusu mita kwa nusu mita, mahali pasipo na mkunjo. Huanza na silaha dhaifu kabisa: pedi ya sifongo laini na polishi nyembamba. Matone manne, anayatandaza mashine ikiwa taratibu, anaongeza kasi, anapita kushoto kwenda kulia kisha juu kwenda chini, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono unatembea sentimita mbili tatu kwa sekunde, polepole kiasi kwamba mtazamaji hutamani kumsukuma. Anafuta, anaangalia. Ikiwa mikwaruzo imebaki, anabadilisha kitu kimoja tu, polishi au pedi, si vyote viwili, ili ajue ni kipi kilichofanya kazi. Anaweza kutumia saa nzima kwenye mraba huo. Akishapata jibu, gari lote lililobaki ni kurudia, na kurudia huko kunaweza kuchukua siku mbili.

Mashine ni za namna mbili. Ya zamani huzunguka kwenye mhimili mmoja, hukata haraka na huzaa joto. Mikononi mwa asiyejua, huunguza rangi kwenye ukingo wa boneti, ambapo tabaka huwa jembamba kuliko popote, au huacha vivuli vinavyocheza jua likiwaka. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, na ndiyo iliyosambaa baada ya kampuni kama Rupes, iliyoanzishwa Milano mwaka 1947, kuipa mwendo mpana wa milimita 15 na 21. Wako wazee wanaoidharau kuwa mashine ya wanafunzi. Sikubaliani nao. Nimeona kazi yao chini ya taa.

Magari ya zamani yana desturi yake. Peugeot 504, lile lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, au Volkswagen Beetle la babu, mengi ya rangi zisizo na chembe za metali hayana klia. Rangi ndiyo tabaka la juu. Ukilipiga polishi, pedi inageuka nyekundu au bluu, na mwenye gari akiona hivyo moyo humruka, ilhali kwa gari hilo ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba rangi hiyo imekauka kwa miongo. Nyekundu hupauka ikawa waridi na kutoa unga kidoleni. Ukiiingilia na polishi kali siku ya kwanza, utaondoa unga pamoja na uhai. Mafundi wa Marekani wana njia ya subira: hulisugulia kwa kitambaa cha pamba ile polishi nambari 7 ya Meguiar's, kampuni iliyoanza mwaka 1901 na polishi ya fanicha, kisha hulilaza gari na mafuta ya polishi hiyo usiku kucha. Asubuhi rangi huwa imekolea kabla kitu chochote kinachokwaruza hakijaigusa. Baada ya hapo kusaga kunakohitajika ni kidogo sana.

Na rangi hiyo ya kwanza ina bei yake. Pebble Beach, California, ambako magari ya kale yamekuwa yakishindanishwa tangu 1950, kuna madaraja ya magari yaliyohifadhiwa kama yalivyo, na nyufa zake. Nairobi nako, kwenye Concours d'Elegance inayofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, majaji huinama chini ya boneti na kuchungulia matao ya magurudumu. Gari laweza kupigwa rangi mara kumi. Rangi ya kiwandani hupigwa mara moja.

Kazi ikiisha, fundi mkweli hupangusa kila paneli kwa spiriti. Polishi nyingi zina mafuta yanayojificha ndani ya mikwaruzo na kuizima kwa wiki chache. Ukiosha mara tatu, mikwaruzo yote hurudi na mteja hajui alilipia nini. Spiriti huondoa mafuta hayo na kuacha ukweli. Baadaye ndipo huja nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, au zile dawa za kauri zinazouzwa ghali na kwa ahadi nyingi kupita kiasi. Kauri hurahisisha kuosha na hukaa muda mrefu. Kitambaa kikavu chenye mchanga kitaikwaruza vilevile.

Siku ya kukabidhi, mwenye gari huzunguka, hufurahi, kisha husimama mlango wa kulia.

"Fundi, na huu hapa?"

"Huo unashika ukucha, mzee. Na kipimo hapo kinasoma 88."

"Kwa hiyo umeshindwa?"

"Ningeutoa kwa nusu saa. Halafu mwakani ungeniletea mlango usio na klia."

Mzee huupitisha ukucha kwenye mkwaruzo, mara mbili, kisha huuliza ndoo mbili za kuoshea zinauzwa wapi.