Ukurasa wa Kusikiliza

Mwenye macho akifungua tovuti ya nyumba ya wageni ya Mikumi anaiona yote kwa mkupuo: tembo, bei za vyumba, kitufe cha kuweka nafasi. Mimi sioni. Ukurasa unanijia kwa mfuatano, kuna kwanza na kuna baadaye, na programu ya NVDA inanisomea mstari baada ya mstari. Kutengeneza tovuti nako nakufanyia humo humo, ndani ya mfuatano. Ni kazi tamu, na nataka niisifu kabla watu hawajaniwahi na pole zao.

Utamu umo kwenye mpangilio. Nikibonyeza H, sauti inaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. F inatafuta sehemu za kujaza fomu, B vitufe, G picha, T majedwali. Ukurasa uliojengwa vizuri nauzunguka kwa herufi hizo na ndani ya muda mfupi najua umebeba nini. Uliojengwa vibaya unakaa kimya. Mtu kaandika BEI ZETU kwa herufi nene, kazipaka rangi, akadhani ameweka kichwa cha habari. Kwa macho kipo. Nikibonyeza H hakuna kitu. Ndiyo maana naiheshimu mifumo ya kusimamia maudhui, WordPress, Drupal na wenzao: maneno yanakaa kwake, mapambo kwake. Mstari ukishawekewa alama kuwa ni kichwa cha daraja la pili, umekuwa hivyo hata kama mwenye tovuti ataamka kesho na kubadilisha thimu nzima. Mimi nashika maneno na madaraja yao. Mapambo naiachia thimu iliyokaguliwa. Kwenye ghala la WordPress thimu zilizopitishwa kuwa zinafaa kwa watu wenye ulemavu zina alama yao, na kutafuta kwangu huanzia hapo.

Deni langu la kwanza liko Australia, kwa Michael Curran na James Teh, vijana wawili wasioona walioanzisha NVDA mwaka 2006 wakaigawa bure. Programu ya aina hii ilikuwa inaweza kuuzwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Nani hapa kwetu Kilosa angeinunua? Ndani ya NVDA imo sauti ya eSpeak, ambayo Kiswahili inakijua. Ni sauti kavu, na kwa kasi ninayoisikilizia wageni huuliza kama ni Kichina. Lakini Kiswahili hicho kinategemea herufi mbili zilizofichwa mwanzoni mwa ukurasa, zinazotaja lugha. Mfumo ukiachwa kwenye Kiingereza kama ulivyokuja, "karibu Mikumi" inasomwa kwa matamshi ya London, na "chumba cha watu wawili" inageuka kelele tupu. Dawa yake ni kuchagua lugha kwenye mipangilio, basi. Tovuti za Kiswahili zinazojitangaza kuwa za Kiingereza zimejaa kila mahali, na waliozitengeneza hawana habari kwa sababu hawajawahi kuzisikiliza.

Watu huniuliza kuhusu rangi. Swali halali. Mwongozo wa WCAG wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao shirika la W3C lilianza kuutoa mwaka 1999 na toleo lake la 2.2 likatoka 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Uwiano huo unakokotolewa kutoka kwenye namba za rangi, na namba nazisoma. Mbunifu mwenye macho analiamini jicho lake, tena jicho lililokaa chini ya feni mbele ya skrini kubwa. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinampendeza. Akipeleke basi kwenye simu ya bei rahisi, stendi ya Mikumi, saa saba mchana. Yapo pia nisiyoyaweza. Nembo ikipanda juu ya maandishi, au picha ikikatwa ikaacha mtu bila kichwa, hakuna hesabu itakayoniambia. Namwita mwenye macho atazame, kama yeye anavyoniita nisikilize.

Picha ndizo zinazonipa raha kuliko vyote. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Basi likipunguza mwendo kwenye matuta, abiria wanaanza: "Twiga! Wale pale!" Jirani mwema aliyekaa dirishani anakugeukia: wako watatu, mmoja anataka kuvuka, lori limesimama kumsubiri. Maandishi mbadala ya picha, yale ninayosomewa badala yake, ni huyo jirani. Sasa jirani lazima apatikane, kwa hiyo namtafuta mwongoza watalii aliyepiga picha.

"Kaka, hiyo ni tembo tu."

"Wangapi?"

"Wawili. Jike na mtoto."

"Wanafanya nini?"

"Wanakunywa maji. Mtoto anataka kuingia dimbwini, mama kamzuia kwa mkonga."

Mpaka hapo picha ile ilikuwa inatajwa kwa jina la faili lililotoka kwenye kamera, herufi na tarakimu zikisomwa moja moja. Hilo la mkonga mwongozaji alikuwa nalo siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Si kila picha inastahili maswali hayo: ua la kupamba pembeni naliachia nafasi tupu, sauti ipite bila kulitaja.

Kilosa mjini hakuna tembo, kuna mihuri. Shule inaandaa maelekezo ya kujiunga, mkuu anasaini, mhuri unagongwa, karatasi zinapitishwa kwenye skana, PDF inapandishwa kwenye tovuti. Kwetu tusioona faili hiyo ni ukurasa mtupu, kwa sababu ndani yake mna picha ya maneno, maneno hayamo. Mwanafunzi asiyeona aliyepangiwa shule hiyo hajui aje na nini: jembe, ndoo, fagio au rimu ya karatasi. Mzazi anayeona naye anateketeza bando kupakua mzigo mzima ili asome orodha ambayo ingeingia kwenye ujumbe wa simu. Kwa shule moja nilitengeneza aina ya ukurasa yenye sehemu zake: tarehe ya kuripoti, sare, vifaa, michango. Karani anajaza, mfumo unaweka vichwa na orodha wenyewe, na PDF yenye mhuri inabaki chini kwa anayeitaka. Kumjengea mwenzio mahali ambapo kukosea ni kugumu: huo ndio ufundi wenyewe, mengine ni mbwembwe. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Karani hajaisoma, na kwa kujaza visanduku vyake anaitekeleza.

Mifumo nayo si ya kuaminiwa ukiwa umelala. WordPress 5.0 ilitoka Desemba 2018 na kihariri kipya cha vipande vipande. Miezi miwili kabla, Rian Rietveld aliyeongoza timu yake ya ufikivu, ile ya kuhakikisha mfumo unatumika na watu wenye ulemavu, alikuwa amejiuzulu, akaeleza hadharani ugumu alioupata. Wengi wetu tulibaki na kihariri cha zamani kwa kutumia plagini. Kipya kimerekebishwa sana na sasa nakitumia, ingawa kuhamisha kipande kutoka chini kwenda juu kwa kibodi bado kunanitoa jasho.

Karani wa shule ile, dada mwenye haraka zake, sasa anaandika maelezo ya picha mwenyewe. Ya mahafali aliyaandika yakajaa: mkuu wa wilaya, mwenyekiti wa bodi, mke wa mwenyekiti, padri, shehe, rangi ya turubai. Nikampigia kumwambia sentensi mbili zinatosha.

"Kaka, sasa mkuu wa wilaya nitamkataje?"

Tulipunguza turubai. Mkuu wa wilaya yumo, tena anasomwa wa kwanza.