Sauti ya Mzee

Mwaka 2002 Solomon Burke, mwimbaji mkongwe wa muziki wa soul huko Marekani, alitoa santuri iitwayo Don't Give Up on Me. Wahakiki wengi waliisifu, na mwaka 2003 ikapata tuzo ya Grammy. Walishangilia kwamba mzee amerudi. Karudi kutoka wapi? Miaka yote hiyo alikuwa akihubiri na kuimba. Masikio yao ndiyo yaliyokuwa safarini. Wengine waliwataja mno watungaji, Bob Dylan na Van Morrison miongoni mwao. Mimi, msomaji, naisifu sauti. Imepita miaka 60, haishindani na tarumbeta. Hungoja, hushuka, hulia panapostahili kilio. Joe Henry, msimamizi, alifanya vema kupunguza kishindo cha vyombo. Nyimbo mbili tatu zajikokota, nakiri. Hata hizo nilizirudia.