Heshima Yenye Masharti: Uhakiki wa Taswira ya Mzee na Mnyonge katika Methali za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi simulizi, methali za Kiswahili hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba jamii zetu huwaheshimu wazee. Penye wazee haliharibiki neno hutolewa mfano, Jungu kuu halikosi ukoko hufuata, kisha mjadala hufungwa. Makala haya yanaufungua tena mjadala huo. Hoja yake kuu ni kwamba heshima inayobebwa na methali hizo ina masharti: humwendea mzee kwa kadiri ya kile anachoweza kutoa, au mamlaka aliyo nayo. Mzee asiye na mali, asiye na watoto na asiye na sauti barazani huangukia katika kundi jingine la methali, yaani zile zinazomhusu mnyonge. Kwa kuwa makundi haya mawili husomwa mbalimbali, uhakiki umezoea kuiona heshima bila kuuona utelekezaji unaokaa jirani yake.

Mikusanyo ya methali, tangu ule wa W. E. Taylor wa mwaka 1891 hadi Kamusi ya Methali ya K. W. Wamitila ya mwaka 2001, imetuhifadhia hazina kubwa. Hata hivyo, methali ikishaingizwa katika orodha humpoteza msemaji wake. Kwa sababu hiyo, uhakiki huu unaichukulia methali kuwa tendo la usemi, na kuiuliza maswali matatu: nani huisema, humwambia nani, na nani hunufaika inapokubaliwa?

2.0 Jungu, Ukoko na Thamani ya Mzee

Ukoko ni tabaka la chakula linaloganda chini ya chungu baada ya chakula kupakuliwa. Taswira hii ina pande mbili. Upande wa kwanza unamsifu mzee: ingawa nguvu zake zimekwisha kugawiwa wengine, bado limo jambo lenye faida ndani yake. Upande wa pili hausemwi sana. Sifa hiyo huanza baada ya mlo kuliwa, na thamani ya jungu hupimwa kwa kile kinachoweza kukwanguliwa. Je, jungu lililokwanguliwa likaisha, kama vile mzee aliyepoteza kumbukumbu au asiyeweza tena kusema, lina thamani gani? Methali haina jibu.

Penye wazee haliharibiki neno nayo hutaja huduma. Wazee wanaozungumziwa wako katika wingi, wameketi pamoja, na wana jambo la kuamua. Hiyo ni picha ya baraza, na anayeheshimiwa ni mzee mwenye nafasi katika baraza hilo. Bibi kizee aliye peke yake jikoni hayumo katika picha hiyo, ijapokuwa umri wake ni uleule.

Methali ya tatu, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, inadhihirisha zaidi jambo hili. Ni kweli kwamba neno mkuu huweza kumaanisha aliyetangulia kwa umri. Hata hivyo, maana yake iliyo wazi zaidi ni mwenye cheo au amri. Kijana mwenye cheo huitwa mkuu. Kibarua mwenye mvi haitwi hivyo. Tunapoifafanua methali hii kana kwamba inasema mzee, tunaufunika umri kwa vazi la mamlaka, na kusahau kwamba wazee walio wengi hawana mamlaka yoyote.

Ukubwa jaa hutufikisha mahali pagumu. Jaa ni mahali pa kutupia taka. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa wito wa subira: aliye mkubwa hana budi kustahimili mengi. Tafsiri hiyo ina hekima inapotoka kinywani mwa mkubwa mwenyewe, anayeamua kutolipiza. Inapotamkwa na mdogo kumwambia mzee anayelalamika kwamba amenyimwa chakula au ametukanwa, kazi yake hubadilika: huifunga lalamiko kabla halijasikilizwa. Maneno ni yaleyale, lakini mwenye faida amebadilika.

3.0 Mzee Anapokuwa Mnyonge

Kundi la pili lina methali kama Mnyonge hana haki; Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba; na Mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Kati ya hizi, ya mwisho ndiyo yenye uchambuzi mkali zaidi wa jamii. Inaeleza namna haki inavyogeuzwa hisani. Anayestahili hupewa pale tu mwenye nguvu anapopenda, na alichopewa kwa mapenzi ya mwingine huweza kunyang'anywa kwa mapenzi hayohayo. Kinywani mwa maskini, methali hii ni shutuma. Kinywani mwa mwenye nguvu, ni kitisho.

Kwa kawaida methali hizi hazitajwi katika mjadala wa uzee, ilhali uzee ni mojawapo ya njia za kuufikia unyonge. Mjane anayeng'ang'aniwa shamba na jamaa wa marehemu mumewe ni mzee na mnyonge kwa wakati mmoja. Mfano mzito zaidi ni wa Usukuma, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalichukuliwa kuwa dalili, ijapokuwa wekundu huo mara nyingi hutokana na miaka mingi ya kupikia katika moshi wa kuni na samadi. Wasukuma wana lugha na methali zao, na haitakuwa haki kuzibebesha methali za pwani lawama za mauaji hayo. Hata hivyo, vifo hivyo vinakanusha dai la jumla kwamba umri pekee humletea Mwafrika heshima, dai ambalo methali hizi hutumiwa kulithibitisha.

4.0 Ushahidi wa Ngeli

Msamiati nao una la kusema. Maneno kikongwe na kizee yana kiambishi ki-, sawa na kilema, kiwete, kipofu, kiziwi na kibiongo. Lugha imewakusanya chini ya kiambishi kimoja watu ambao jamii huwaona wamepungukiwa. Ushahidi huu utumiwe kwa tahadhari, kwani kiongozi na kijana pia wamo humo. Aidha, upatanisho wa kisarufi huwarudisha wote katika utu: tunasema kikongwe amekuja, wala hatusemi kimekuja. Mabadiliko ya karibuni, kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu, na kutoka zeruzeru hadi mtu mwenye ualbino, yanaonesha kwamba wahusika wenyewe waliuhisi uzito wa majina waliyopewa. Kwa upande wa wazee, kikongwe lingali likitumika bila kuhojiwa.

5.0 Methali Inayompinga Mwenye Nguvu

Ingekuwa upotoshaji kudai kwamba methali zote zimeegemea upande mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao humtetea aliyechakaa dhidi ya kipya kinachong'aa, ingawa bado hoja yake ni ya manufaa: mkeka mkuukuu unathaminiwa kwa kuwa ni wako na unakalika. Hujafa hujaumbika huenda mbali zaidi. Methali hii humgeukia mzima anayemcheka kiwete au mzee, na kumwambia kwamba kuumbwa kwake hakujakwisha. Haiulizi anayechekwa anaweza kutoa nini. Inaweza kupingwa kwamba msingi wake ni hofu ya anayecheka, lakini inatambua jambo ambalo jungu na ukoko havikulitambua: unyonge ni hatima inayomsubiri kila mtu.

6.0 Hitimisho

Suala hili lina athari nje ya darasa. Kauli kwamba mila zetu huwatunza wazee huweza kutumiwa kuiondolea jamii na dola wajibu. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Aprili 2016, Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wakazi wake waliofikia miaka 70, kwa kiwango cha awali cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni kidogo, lakini utaratibu wenyewe ni wa maana kwa hoja yetu. Malipo hayo hayamuulizi mzee kama ana ukoko wa kukwanguliwa, wala hayangoji mwenye nguvu apende.

Inapendekezwa kwamba methali za wazee na methali za wanyonge zifundishwe kwa pamoja, na kila moja ifafanuliwe kwa kutaja msemaji na msemewa wake. Mwanafunzi anayeijua Penye wazee haliharibiki neno aulizwe pia ni wazee gani hawajaalikwa hapo penye wazee, na neno lao linaharibikia wapi.