Watu 210 wa halmashauri moja

Mwaka 2003 REPOA, taasisi ya utafiti ya Dar es Salaam, ilitaka kujua wananchi wanazionaje halmashauri zao. Ilihoji watu 1,260 katika halmashauri sita: Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi na Mwanza. Gawanya kwa sita, unapata 210 kila moja. Mwaka 2006 ikarudi kule kule, na 2013 ikarudi tena.

Watu 210 ni wachache? Inategemea unapima nini. Sauti za Wananchi, dodoso la simu la shirika la Twaweza, ilianza mwishoni mwa 2012 na kaya 2,000 za Tanzania Bara, wahojiwa wakagawiwa simu na chaja za sola ili wapigiwe kila mara. Kwa nchi nzima kipimo hicho ni kizuri, maana jibu huyumba kwa asilimia mbili na ushei tu. Lakini kaya hizo zilitoka maeneo 200, kumi kumi. Ukiyatawanya Bara nzima, Simiyu inaambulia machache ya kuhesabu kwa vidole. Mtu wa Migato, wilayani Itilima, akisikia redioni kwamba asilimia fulani ya Watanzania wanalia na maji, halmashauri yake bado haijapimwa.

Mtindo wa REPOA unaipima halmashauri yenyewe, ila kwa gharama yake. Kwa watu 210 jibu linaweza kuyumba kwa asilimia saba huku au kule, na ukilinganisha miaka miwili mwanya unakaribia kumi. Tena watu wa mtaa mmoja huchota kisima kimoja, kwa hiyo majibu yao hufanana na mwanya unazidi kupanuka. Kuridhika kukipanda kutoka asilimia 50 hadi 55, mkurugenzi asifanye haraka kuchinja mbuzi.

Na hata kupanda kwa kweli kuna mtego. Mwaka 2006 wananchi waliizungumzia kodi kwa uchungu mdogo kuliko 2003. Je, halmashauri zilikuwa zimejirekebisha? Kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume wakimbilie porini wakimwona mgambo, ilifutwa Juni 2003 na serikali kuu. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo haikutoka kwa halmashauri. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa la mradi ule, nalo linaonekana kwa sababu tu swali lile lile liliulizwa mahali pale pale zaidi ya mara moja.

Swali nalo lina uzito wake. Ukiuliza, "Unaridhika na huduma za afya?" utajibiwa kwa adabu, hasa kama mwenyekiti wa kitongoji ameketi kigodani pembeni. Jaribu hivi: "Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, dawa ulipata pale pale au ulitumwa dukani?" Hapo adabu haina pa kujificha. Msimu pia una neno lake: dodoso la wakati pamba imeuzwa na lile la wakati wa njaa ya kabla ya mavuno si kitu kimoja.

Kisha kuna nani anayejibu. Afrobarometa, utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, hubadilishana, kaya hii mwanamume, inayofuata mwanamke, na jina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tuseme mdadisi amefika kwenye mji mmoja Migato na karata imemwangukia mama. Mwenye mji atavuta kiti: "Niulize mimi, huyu yuko jikoni." Mdadisi mchovu atakubali, maana jua linazama na bado kaya tatu. Mzee atajibu vizuri: diwani, ushuru wa pamba, barabara, hata mwaka ambao daraja lilisombwa. Litafika swali la maji, foleni ya kisimani huchukua muda gani. Hapo atageuka kuelekea jikoni na kuita.