Adili na Nduguze: Kusamehe si Kurudi Nyumba Moja

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1952 na mpaka leo watu wanaisoma. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba inafundisha wema na msamaha, basi. Mwaka huu tumeisoma tena hapa Petta, wilaya ya Tororo, watu wachache tunaokutana Jumapili jioni. Mimi nimeona kwamba fundisho lile, likichukuliwa jinsi lilivyo, linaweza kumuumiza mkimbizi. Naandika kulipinga kidogo, na simvunjii mzee heshima.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yanakwambia. Wanapoteza urithi wao, Adili anagawana nao mali yake. Wanasafiri pamoja, wivu unawapanda juu ya binti aitwaye Mwelekevu, nao wanamtupa ndugu yao baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza wale ndugu kuwa manyani, na anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mkubwa. Siri yake inajulikana pale Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapomchungulia usiku. Mwishoni mfalme anawaombea, wanasamehewa, wanarudi kuwa watu.

Walimu hupenda kuzungumzia ule mwisho. Mimi nataka tukae kwanza kwenye mjeledi. Mchana Adili anahukumu na kuongoza watu. Usiku anawatoa wale waliotaka kumwua, anawachapa, kisha anawalisha kwa huruma. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Hebu jiulize: pale nani amefungwa? Manyani wamefungwa minyororo, sawa, lakini Adili naye hana usiku hata mmoja wa kulala kama watu. Hapa ndipo kitabu kina nguvu kuliko fundisho lake. Mwandishi ameonyesha, labda bila kukusudia, kwamba mtu akiishi karibu na aliyemuumiza, hata akiwa yeye ndiye mwenye mjeledi, kidonda hakifungi.

Sasa tuuangalie ule mwisho. Kisa hiki kina asili katika Alfu Lela u Lela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadhil na ndugu zake. Huko ndugu wanageuzwa mbwa, siyo manyani. Wanasamehewa pia. Lakini baada ya kusamehewa wanarudi kukaa karibu na ndugu yao, wivu unaamka upya, na wanajaribu tena kumwua. Shaaban Robert aliuacha mwisho huo akatupa wa furaha. Simlaumu kwa kutaka ulimwengu mwema. Ila kwa kufanya hivyo ameunganisha mambo mawili ambayo hadithi ya zamani iliyatenganisha: kumsamehe mtu, na kurudi kukaa naye nyumba moja.

Kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Kwa sababu ya mahali tulipo. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, watu walivuka Busia na Malaba wakimbia majirani waliokuwa wamekula nao ugali. Wengi walipokewa Mulanda, hapa hapa Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo mwaka huo huo. Watu wa namna hiyo ukiwaambia "ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," unamwambia nani akalime? Methali ni nzuri, lakini imetungwa na aliyesimama pembeni. Aliyetupwa baharini hana jembe.

Na upande wa pili upo. Siku hizi kwenye vikao vya ushauri tunaambiwa: mtu anayekuumiza roho, mwepuke, jitenge naye. Ushauri mzuri. Lakini nijitenge niende wapi? Pampu ya maji ni moja, foleni ya chakula ni moja, kuta ni za turubai. Kiwanja nimepangiwa na ofisi, sikukichagua. Hata Adili, pamoja na uliwali wake, hakupewa nafasi ya kuondoka. Huria alimpa amri tu.

Kwa hiyo umbali wetu ni wa hatua ndogo. Mama mmoja katika kundi letu alisema yeye huchota maji alfajiri ili asikutane na shemeji yake. Mwingine anasalimia, anaitikia, lakini siri zake hampi mtu yule tena, wala hamkopeshi. Mwingine ujumbe wa ukoo anaupitisha kwa mzee. Mimi nina jamaa yangu ambaye kila tukikaa ananihesabia waliokufa kwetu kana kwamba niliwaua mimi. Nimemsamehe. Chai sinywi kwake. Haya hayamo kitabuni, nami nadhani ndilo pengo lake kubwa: Adili anapewa kuchapa au kukumbatia, hapewi kukaa mbali.

Lakini tusizidishe. Siyo kila anayekupigia kelele ni Mwivu. Jirani aliyefiwa anaweza kukutukana leo, kesho akakulelea mtoto. Hapa kitabu kinatusaidia, kwa sababu kinatupa kipimo: Hasidi na Mwivu walisaidiwa, na msaada wenyewe ukawazidishia chuki. Mtu ambaye kila wema wako unamwongezea hasira, huyo ndiye wa kuwekea mpaka. Wengine ni watu wamechoka tu, kama sisi.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mtu akija kuomba abadilishiwe kiwanja au siku ya foleni, na sababu hataki kuisema mbele ya watu, msiuite ukaidi haraka. Pengine anatafuta ule umbali mnaomhubiria. Na mkimpatanisha na mwenzake, msimlazimishe kurudi kupika jiko moja ndipo mwandike kwamba kesi imekwisha.

Kitabu kisomeni. Lugha yake ni tamu, na ule usiku wa Ikibali kwenye giza hamtausahau. Ila mkifika mwisho, pale ndugu wanaporudi kuwa watu, msifunge kitabu upesi. Ulizaneni kwanza: usiku wa kwanza baada ya msamaha, Adili alilala chumba kipi, na mlango aliufunga au aliuacha wazi?