Pongezi kwa Wanaosomea Mandhari

Wengi hudhani wanafunzi wa usanifu wa mandhari, kama wale wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hufundishwa kupanda maua tu. Kazi yao huanzia kwenye maji. Hupima miinuko ya kiwanja jua likiwaka, huchora kontua, kisha hukokotoa: njia ya mita 50 ikishuka mita 1, mteremko ni asilimia 2, maji hayatatuama, na mwenye kiti cha magurudumu atapita. Hujifunza majina ya kisayansi ya miti, mizizi inayopasua mabomba, na miche inayostahimili chumvi ya pwani. Wakikosea, masika huwaumbua. Wakipatia, hakuna anayewataja. Tunaongojea daladala kivulini, miguu mikavu, tuna deni kwao.